Ngoyi gani

Zuberi alitunza nakala za habari walizotumiana watu katika ofisi ya foni, ile redio iliyounganisha Kindu na Kalima na Kampene. Alizipanga ndani ya kartoni za maziwa, kila mwaka kartoni zake, na mchwa walikula sehemu yao. Mutu mupole, mgongo umechoka. Hata sala ya adhuhuri, siku hizo, aliisali ameketi.

Mwaka 1983 aliingia Mama Albertine, mjane wa Kasanda aliyefia mgodini Kalima.

"Papa Zuberi, unitafutie habari ya kifo cha bwana yangu. Mwezi wa tano, sabini na mbili."

"Mama, watu wanatafuta ya juzi hawapati."

"Basi nitakaa hapa. Jumamosi ndugu zake wanakuja kwa posa ya binti yangu. Wanasema nilikataa kumuzika kaka yao, hawawezi kuketi na mimi. Na mimi nilipata habari wamekwisha kumuzika. Karatasi iseme."

"Karatasi zangu zimezeeka kama mimi, zinasema polepole."

Akatafuta kwa Albertine, hakuna. Akatafuta kwa Kasanda, hakuna. Siku ya pili, akipangusa vumbi, ndipo akakumbuka: mwaka ule serikali ilikataza majina ya Ulaya. Akafungua fungu la Ngoyi, jina la ukoo wa mama yule.

Ilikuwamo. *Albertine* limekatwa kwa wino mwekundu, limebaki Ngoyi tu. Chini: imefika tarehe tisa, imepelekwa kwa Ngoyi wa reli. Imerudishwa. Imepelekwa kwa mwenyewe tarehe kumi na tatu.

"Njo ile, karatasi yangu?"

"Njo yenyewe."

"Nani alikata jina langu?"

Zuberi alivua miwani. "Mimi. Niliogopa kufungwa. Na Ngoyi walikuwa wengi, nikatuma kwa yule wa karibu."

Mama alipitisha kidole juu ya wino mwekundu.

"Miaka kumi na moja, Papa Zuberi. Wananiita mwanamuke asiyelia."

"Sikujua, mama."

"Karatasi wale hawatasoma. Utakuja wewe, useme kwa kinywa."

Jumamosi alikwenda, akasema yote mbele ya wazee, wino na Ngoyi wa reli. Shemeji mkubwa akamwangalia.

"Na miaka yote hii ulikuwa wapi, mzee?"

"Kazini."

Wakasogea, Albertine akaketi kati yao, na maneno ya posa yakaanza. Zuberi hakuna aliyemwambia aketi. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akashika njia ya nyumbani, akipumzika kila baada ya nyumba mbili tatu.