Fagio la Mwenyekiti

Sikumsamehe, na sioni haya kusema. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kukausha dagaa, hapa ufukweni Ujiji, alinitoa kwenye chanja mbele ya wenzangu wote. "Mkono wako mchafu, dagaa wako wana mchanga. Wewe nenda ukachote maji." Wateja walikuwa wanarudisha magunia, naye alitaka mtu wa kumtupia lawama. Mimi, niliyejulikana ufukwe mzima kwa kuanika! Hata nikimwamkia kwa Kiha, "Mwakeye", haitikii. Nikachota maji huku moyoni nasema, utanitambua.

Mchanga haukuisha. Ndipo akaja dada mmoja wa mradi kutusaidia kuboresha ukaushaji. Mwenyekiti akamwahi: tunataka chanja mpya, na wanawake wasio wazembe.

"Mama, hiyo ni dawa na lawama," yule dada akasema. "Ugonjwa wenyewe ni upi? Nini kinaharibika, wapi, wakati gani?"

Nikatua ndoo. "Tutafune dagaa wa kila chanja," nikasema, "tujue mchanga uko wapi."

Tukatafuna. Chanja za upande wa ziwa, safi. Za upande wa nyumba ya mwenyekiti, krr! krr! mpaka mwili unasisimka. Kesho yake tukatafuna wakiwa ndiyo kwanza wameanikwa: wote safi. Kumbe mchanga ulikuwa unaingia baadaye, na upande mmoja tu.

Huku kwetu mgeni hakuti uwanja haujafagiliwa. Mwenyekiti alikuwa akifagia wateja wakikaribia, dagaa wakiwa bado wabichi juu ya chanja, vumbi lote linawanatia. Siku hiyo pia alifagia. Mistari ya fagio iliishia miguuni pa chanja, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Ningeweza kunyamaza. Thubutu! Nilichota konzi ya dagaa wa upande wake, nikampelekea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Karibu, mama. Tafuna, halafu utuambie tatizo ni nini."

Akatafuna. Sote tulisikia.

"Mchanga," akasema kwa sauti ndogo. "Unaingia nikifagia."

"Sijasikia, mama."

Akarudia. Siku hiyo hiyo nilirudi kwenye chanja zangu. Mpaka leo, kabla hajashika fagio, huja kuniuliza kama dagaa wamekauka. Wakati mwingine wamekauka zamani, wateja wanateremka kwenye bodaboda, na uwanja ni mchafu.

Namwambia bado.