Vichwa Viwili vya Treni kwenye Meza ya Mama

Risasi ya kulehemia ikiyeyuka ina harufu kali inayokwaruza koo, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu ya Kolwezi, mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa fundi wa simu. Kwa kuwa umeme wa kibanda chake cha sokoni haukuaminika, kazi za maana alizileta nyumbani akazifanyia kwenye meza ya kulia chakula, pembeni ya sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Tulizoea kula bukari, yaani ugali, huku tukikatazwa kukohoa, kwa sababu kijiparafujo fulani kingepeperuka na simu ya mtu ingebaki bila sauti. Msimu ule wa mvua, hata hivyo, mezani hapakuwa na simu. Palikuwa na reli ya kuchezea iliyozunguka meza nzima, na vichwa viwili vya treni, kila kimoja urefu wa kiganja changu. Mbele ya meza hiyo walikaa wazee wawili ambao tangu kabla sijazaliwa walikuwa hawasalimiani.

Wa kwanza alikuwa Kaku, babu yangu mzaa mama, dereva wa treni mstaafu. Wa pili alikuwa Tata Ilunga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyewahi kuwa mkuu wa kituo kidogo upande wa Mutshatsha. Zamani, treni ya Kaku iliingia katika kituo hicho ikagongana uso kwa uso na nyingine iliyotakiwa kusubiri pale. Hakufa mtu, ila magunia ya unga yalipasuka, na inasemekana abiria wote walishuka weupe pe pe pe, wakitafutana kwa sauti. Kaku aliapa kwamba alifunga breki mapema. Tata Ilunga aliapa kwamba hakuiruhusu ile nyingine kusogea, hakugusa kitu. Wakubwa hawakumwamini yeyote, wakawaadhibu wote wawili. Tangu siku ile, wakikutana njiani, kila mmoja alitazama mawingu kana kwamba amepoteza kitu huko juu. Mimi hali hiyo iliniuma sana, maana Kaku hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye habari za reli. Sisi tulimsikiliza kwa adabu tu, naye alijua. Na baada ya Pasaka Tata Ilunga angehamia Kasaji kwa mwanawe. Wasingepatana kabla ya hapo, basi tena.

Treni zile alizituma mjomba wangu aliyekuwa Ubelgiji, pamoja na vidude viwili vidogo kama kucha, vinavyoitwa dekoda. Bila dekoda, umeme ukipita relini vichwa vyote hukimbia kwa pamoja. Ukikilehemia kila kimoja dekoda yake tumboni na kuipa namba, kichwa husubiri kuitwa kwa namba hiyo kutoka kwenye kiongozeo cha mkononi, kingine hutulia. Mama alipoelewa hilo, alituma salamu upande wa pili wa ukuta. “Mukuje muonyeshe ile ajali vile ilikuwa,” alisema. “Leo tutajua mwenye makosa.” Wote wawili walifika haraka, wameoga, kila mmoja akiwa na hakika ya ushindi.

Mama alilehemu nyaya nyembamba kuliko unywele bila mkono kutikisika. Shida ilianza kwenye kugawa namba. Mimi, kwa kuwa nilisoma Kifaransa vizuri, nilipewa karatasi ya maelekezo, nami nikatangaza kwa sauti ya darasani kwamba wakati wa kupewa namba, kichwa kimoja tu ndicho kiwe relini, la sivyo vyote viwili vitashika namba ileile. Mama akamwomba Kaku aondoe chake kidogo.

“Miye? Nitoshe mashini yangu?” Kaku aling'aka. “Mwenye anatosha mashini mbele ya enquête, anakubali makosa! Ilunga atoshe ya kwake.”

“Hata kidogo,” Tata Ilunga alijibu, akimwambia Mama, si Kaku, kidole chake kikionyesha mahali pa kituo relini. “Umwambie baba yako, ya kwangu iko mu gare. Itabakia mu gare.”

Hiyo ilikuwa sheria ya watu wa reli: baada ya ajali hakuna kusogeza kitu mpaka mkubwa afike kufanya enquête, yaani uchunguzi. Wazee wale waliitii sheria hiyo juu ya meza yenye madoa ya mafuta ya mawese. Nilisoma karatasi mara ya pili, kwa hasira. Hakuna aliyenijali. Mama akaguna, akagawa namba vichwa vyote viwili vikiwa relini: kwanza arobaini na saba ya Tata Ilunga, kisha kumi na mbili ya Kaku.

Kaku akabonyeza kumi na mbili, akazungusha kitufe taratibu, uso umejaa heshima ya kazi. Kichwa chake kikaondoka. Cha Tata Ilunga nacho kikaondoka, kikakifuata uso kwa uso. “Ilunga, unafanya nini!” Kaku alipiga kelele, akizungumza naye moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu ile ajali. Tata Ilunga aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa. Kaku akarudisha kitufe kwenye sifuri papo hapo, lakini Mama alikuwa amezipangia dekoda zisimame polepole, kama treni yenye uzito wa kweli. Vikateleza, vikagongana, na cha Kaku kikatumbukia ndani ya sombe.

Nilidhani sasa ndiyo imeharibika kabisa, na machozi yalikuwa yananilenga.

“Uliniona mikono?” Tata Ilunga aliuliza kwa sauti ndogo. “Sikuguse kintu.”

“Nilikuona,” Kaku alisema. Kisha akakionyesha kitufe, bado kiko kwenye sifuri. “Na miye nilifunga freni. Uliona?”

“Niliona, ndugu yangu. Uliifunga mapema.”

Wakala pamoja jioni ile, baada ya kuokoa treni kwa kijiko. Tata Ilunga alihama baada ya Pasaka kama ilivyopangwa, na Kaku akawa anakwenda Kasaji kumtembelea, akirudi na mihogo na ubishi mpya. Siku hizi, katika ukoo wetu, mtu akikasirika anajitoa kwenye kundi la simu kwa kidole kimoja, na halazimiki kukaa meza moja na yeyote. Wazee wote wawili wameshafariki, nami nimekuwa mtu mzima wa kujua kwamba Mama, aliyeweza kufufua simu iliyotoka mtoni, hakuwa mtu wa kupuuza maelekezo. Majuzi nilimuuliza kama hakunisikia siku ile nikisoma mara mbili.

“Nilikusikia muzuri, mutoto yangu,” alisema. “Ningekusikiliza, mumoja wao angeshinda.”