Mama Chupa na Jiwe la Sururu

Mtaani walimwita Mama Chupa, na wala hakuchukia. Miaka ishirini na miwili aliosha chupa na vioo katika maabara ya ofisi ya madini, na jicho lake, asikudanganye mtu, lilikuwa limesoma kuliko vyeti vya wengi. Mumewe alikuwa mchimba visima, wenzake wakimwita Sururu. Wenyewe walitaniana kwamba mmoja kaletwa na udongo, mwingine na maji, ndiyo maana nyumba yao haikukosa tope.

Siku moja Sururu alirudi na kijiwe cheupe ndani ya leso.

"Nimelikuta mita tisa chini, katikati ya udongo wa mfinyanzi. Wenzangu wanasema chumvi."

"Wenzako wana macho ya kutafutia ugoro. Jumamosi nipeleke."

Wakaenda. Mdomoni mwa kisima Mama Chupa alipiga magoti na kulilamba lile jiwe: si chumvi. Akalikwaruza kwa ukucha. Jasi ingechunika, hili wapi! Akafungua kikapu alichokuja nacho, akalidondoshea siki. Chokaa ingetoa povu, hili likanyamaza. Mwisho akasaga punje kwenye kisosi, akatia tone la asidi ya betri na spiriti kidogo, akawasha njiti. Moto ukapanda na kingo za kijani kibichi.

"Boroni, mume wangu! Jamii ya boroni hii, ile inayotiwa kwenye vioo vyetu visipasuke motoni. Na fuwele zake hizi nyembamba, kama nywele zilizochanwa, hata kwenye makabati ya ofisi sijaziona."

Sururu alicheka mpaka akakaa chini. "Jumatatu nakuletea zingine."

Jumatatu alishuka kwa pupa kabla ya kuweka mbao za kuzuia kuta. Kuta zikamwangukia. Walipomtoa, mfukoni mwake walikuta mawe yanayojaa kiganja. Kisima kikafukiwa, juu kikapigwa zege, na ofisi ikapiga marufuku kuchimba eneo lote.

Kufiwa kunauma, jamani, lakini kilichomchoma zaidi Mama Chupa kilikuwa neno. Kaka wa marehemu alilisema msibani bila haya: "Ndugu yangu kafia chumvi ya ng'ombe." Neno likaota miguu. Likafika sokoni, likafika hata kwenye jalada la ajali, wakaandika: alikuwa akichimba chumvi. Mama Chupa akaapa kwamba halitabaki hivyo. Akaiandikia ofisi barua, akaomba mtaalamu aje alipime jiwe, jalada lisahihishwe.

Mtaalamu hakuja mwezi huo, wala uliofuata. Na watu nao, midomo haina likizo. Kila aliyebisha, Mama Chupa alimvuta jikoni, akasaga kipande, akawasha. Jirani wa kulia akashuhudia. Fundi viatu akashuhudia, akaja na mkewe. Shemeji mtu naye akaja, akatazama ule ukijani, akasema, "Mh, labda ni hiyo spiriti." Akawashiwa tena, na tena. Kila moto ulipopanda, yule mjane alihisi mumewe kasafishwa kidogo, na usiniulize utamu wa hisia hiyo kwa mtu aliyeonewa.

Mtaalamu alipofika hatimaye, mwanamke mpole mwenye lenzi shingoni, Mama Chupa alimletea kopo. Ndani mlikuwa na unga wa kufunika ukucha.

"Mama, fuwele ziko wapi?"

"Zilikuwepo. Hebu nikuwashie, utaona kijani chake."

"Hata shaba huwaka kijani, mama. Na unga huu umechanganyika na masizi na vumbi la kinu. Nipe kipande kizima, hata kama punje ya mchele, mashine itatuambia ni jiwe gani. Bila hicho siwezi kubadilisha jalada."

Mama Chupa akakaa kwenye kigoda. Nusu ya sampuli haiguswi: sheria ile ilibandikwa ukutani juu ya sinki lake miaka yote ishirini na miwili, naye akiosha chupa chini yake. Aliijua. Akaivunja kwa mikono yake, kipande baada ya kipande, akimtetea mumewe.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Labda aibu ilimshika, maana alikohoa, akasema, "Mtaalamu, mimi ni shahidi. Ndugu yangu hakuchimba chumvi. Niliuona moto kwa macho yangu, mara tatu."

"Pole, baba," mtaalamu akajibu, akifunga begi lake. "Ushahidi wa macho hatuuandiki."

Mama Chupa akamgeukia shemeji yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikutetemeka.

"Mara ya kwanza haikukutosha, shemeji?"