Maembe ya Mchana

Ndila Kyule alizaliwa Kabati, akasomea elektroniki Nairobi, na alipofika miaka thelathini na moja alikuwa injinia pekee wa ushirika mmoja wa wakulima wa maembe upande wa Makueni. Kazi yake ilikuwa mashine ya kuchambua matunda. Embe lilipita chini ya kamera, chipu ikaamua kama ni zuri au limeharibika, na kijilango kikafunguka kulipeleka kwenye kreti lake.

Chipu hiyo ilikuwa ya aina inayopangwa kwa kompyuta, na inaweza kupangwa upya. Ndani yake mna vijia maelfu, na anayeipanga ndiye huamua ishara za umeme zipite wapi. Ndila aliipanga haraka, kwa sababu msimu ulikuwa umeanza na mwenyekiti, Mzee Gedion, alikuwa akimpigia simu kila asubuhi. Alipomaliza, kompyuta ilimwonyesha mstari mmoja mwekundu. Njia mojawapo ilikuwa ndefu mno. Ishara yake ingechelewa kufika, kwa muda mfupi mara milioni kuliko kupepesa jicho. Akaijaribu mashine asubuhi ile, ikafanya kazi vizuri. Akauacha mstari.

Wiki ya tatu malalamiko yakaanza. Maembe ya asubuhi yalipita. Ya mchana, mabati ya kiwanda yakishawaka jua, yalikataliwa kreti baada ya kreti. Waliofika asubuhi walikuwa watu wa karibu, majirani na waumini wa kanisa la Mutanu, mama aliyesimamia mashine. Wa mchana walitoka mbali. Watu wakaona wamepata jibu.

"Huyu mama anapendelea watu wake," alisema Kaloki, mkulima wa mbali, mkutano ulipoitwa. "La jirani yake linapita, langu linatupwa. Na yote ni maembe!"

Mutanu alisimama, leso kiunoni. "Mimi naweka embe kwa mkanda na kupangusa kioo cha kamera. Inaamua aje, sijui. Muulizeni injinia."

Mzee Gedion akageuka. "Injinia, mashine inaweza kukosea?"

Ndila aliukumbuka ule mstari. Alijua pia kwamba chipu ikipata joto, ishara hupunguza mwendo. Watu zaidi ya sitini walikuwa wakimtazama.

"Nimeipima," alisema. "Iko sawa."

Kweli alikuwa ameipima. Asubuhi.

Mutanu aliachishwa kazi siku hiyo hiyo. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kreti. Hakumtazama mtu.

Ndila alikaa wiki mbili bila hamu ya chakula. Mama aliyewekwa mahali pa Mutanu naye akaanza kulaumiwa, na hapo Ndila akafungua kompyuta. Visehemu vya chipu vilivyohitaji kuwasiliana sana akavisogeza karibu karibu. Njia ile ndefu akaikata katikati, akaweka kituo ambapo ishara inatua kidogo kabla ya kuendelea. Mara nne mstari mwekundu ulihamia mahali pengine. Mara ya tano haukuwapo. Akaazima mashine ya kukausha nywele kwenye saluni, akaipuliza chipu hewa ya moto huku akipitisha maembe mia mbili. Hakuna zuri hata moja lililokataliwa.

Wakulima walifurahi. Kaloki alimletea kuku. Ndila alimpokea kuku yule kwa mikono miwili, kisha akaenda nyuma ya stoo akalia.

Kesho yake alimweleza Mzee Gedion yote.

"Si imetengenezeka?" mzee alisema kwa upole. "Achana nayo, mwanangu. Ukisema sasa, watapoteza imani na mashine."

"Walishapoteza imani na mtu, Mzee."

Ndila alisimama mbele ya mkutano uliofuata akaeleza kosa lake. Wengine walinung'unika, Kaloki akainamisha kichwa. Ushirika ukaandika barua ya kumwita Mutanu arudi, na Ndila akaipeleka mwenyewe hadi Mtito Andei, ambako Mutanu alikuwa akipika katika hoteli ya madereva wa malori. Alimkuta akikoroga sufuria ya maharagwe.

"Mama, kosa lilikuwa langu. Si lako."

Mutanu aliisoma barua polepole, akaikunja. "Siku ile ulipoulizwa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku sana. Nikaogopa."

"Basi hilo ndilo linaniuma. Mashine sina neno nayo." Akarudi kwenye sufuria. "Sitarudi huko. Lakini kanisani kwetu walinitoa kwa kamati ya akina mama, wakisema mimi ni mwizi wa haki za watu. Hapo utaenda useme. Wakiwa wote."

Jumapili iliyofuata Mutanu alikuja kanisani, na Ndila akapewa kipaza sauti baada ya matangazo. Akasema yote, hata lile neno "iko sawa". Wanawake wawili wa kamati waliinuka wakaenda kumshika Mutanu mkono.

Mutanu aliwapokea. Ibada ilipokwisha alipita karibu na Ndila mlangoni, akamwambia, "Umesema," kisha akaenda zake kutafuta gari la kumrudisha kazini. Ndila alibaki pale akiwa na Biblia mkononi, hajui kama amesamehewa, na hakuthubutu kumfuata amuulize.