Pembe Isiyo na Kunyanzi

Huyu ndiye Mama Uzi, binti wa mshona viatu, mjukuu wa mshona mahema. Yeye aliyezivika shule mbili sare, akatundika mapazia ya hospitali nzima, na uzeeni akashona viti vya ndege ilhali miguu yake haijawahi kuiacha ardhi. Jina alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa hakukosa uzi shingoni hata harusini.

Mwaka huo karakana yao ilipewa kazi ya viti vipya. Shirika la ndege likaahidi kwamba katika safari ya kwanza ya viti hivyo, kwenda ng'ambo, fundi mkongwe kuliko wote ataketi dirishani bure. Mama Uzi alimshukuru Mungu kwa sauti, maana mdogo wake alikuwa huko na macho yalikuwa yakimfifia. "Dada, njoo nikuone kabla giza halijaniingia," alikuwa akimwambia kwenye simu.

Watu hudhani kiti cha ndege ni kama kochi, ukimaliza kushona unakaa. Wapi! Kwanza hujaribiwa: hutupwa mbele kwa kishindo pamoja na sanamu nzito iliyofungwa mkanda, ionekane kama kitang'oka. Mto wake huwashiwa moto, kitambaa, sponji, gundi na uzi vikiwa pamoja, maana kila kimoja peke yake chaweza kuwa mpole, vikikutana vikapata wazimu. Vikishafaulu, basi, hata kifungo hakiongezwi.

Viti vya mfano vilifaulu. Ila katika kushona vingine, pembe ya egemeo la kichwa ikawa inatoa kunyanzi. Mama Uzi akalitazama, likamkera. Akafanya alivyofunzwa na bibi yake: akatia kwa ndani kipande cha kitambaa kigumu cha kukazia kola. Pembe ikanyooka kama kifua cha bwana harusi. Akafanya hivyo kwa viti vyote, huku akiimba.

Mkaguzi alipokuja, bwana mmoja mpole asiyecheka, alipapasa ile pembe kama daktari anayepapasa tumbo.

"Mama, humu ndani mna nini?"

"Mna adabu, baba."

"Na hiyo adabu ilichomwa moto?"

Viti vyote vikazuiwa. Ndege ikabaki imesimama, ndani sakafu tupu. Msimamizi akafoka, "Kwa kipande cha kola! Mama Uzi, umetumaliza!" Na binti wa yule mdogo wake, aliyekuwa akishona kwenye cherehani iliyo jirani na yake, akamnong'oneza, "Mama mkubwa, mama atangoja mpaka lini? Jana kaniambia kamimina chai nje ya kikombe."

Hilo lilimchoma kuliko makelele ya msimamizi. Akataka aende mwenyewe kuona mto ukijaribiwa upya, akaruhusiwa. Moto ukawashwa, kisha ukaondolewa. Kitambaa kikazima. Sponji ikazima. Kipande cha kola kikaendelea kuwaka, kikidondosha matone ya moto sakafuni.

Mama Uzi akaushika uzi wa shingoni. "Hapo ndipo kilipo kichwa cha mtu," akasema taratibu. Akamgeukia mkaguzi. "Ahsante, baba. Nimekusema vibaya njia nzima."

"Nilisikia, mama. Basini nilikuwa kiti cha nyuma yako."

Wakafumua vyote. Lakini matundu ya sindano hayafutiki, ikabidi kitambaa kingine kiagizwe, nacho kikaja kwa mwendo wa kobe. Mama Uzi hakunung'unika tena. Kila simu ilipolia alishtuka, kila ilipokuwa si ya habari mbaya alishukuru. Viti vikashonwa upya, na kunyanzi likabaki palepale, halali yake.

Alipopanda ndege, alilipapasa kunyanzi hilo mpaka ikatua. Mdogo wake alimpokea mlangoni kwake, akamshika uso kwa mikono miwili, akausogeza dirishani penye mwanga. Jicho moja lilikwisha kuzima. La pili lilikuwa limebakiza mwanga kidogo.

"Dada! Mbona umezeeka hivi?"

"Shukuru umeona, mshenzi we!" Wakacheka mpaka wakalia.

Aliporudi karakana, alikwenda moja kwa moja hadi cherehani ya yule binti wa mdogo wake, akamwekea mkononi kijisu chake cha kufumulia.

"Mwanangu, mama yako ameniona. Sasa shika hiki. Kuanzia leo, pembe yoyote utakayoiona imenyooka kupita kiasi, fumua uone mna nini ndani."

"Hata ukiwa umeshona wewe, mama mkubwa?"

"Anzia zangu."