Maziwa ya Ndama wa Zita

"Majani mmemaliza, maji mmetibua, sasa mnataka na josho letu!" Zita alisimama mlangoni pa josho la kuogeshea ng'ombe kijijini Mbuba, mikono kiunoni. "Hili tumelijaza maji kwa vichwa vyetu. Ninyi mlibeba ndoo ngapi?"

Nyirabahizi, mkimbizi aliyevuka mpaka na ng'ombe wanne mwaka ule wa tisini na nne, alijibu taratibu. "Nitabeba, mama. Ila kupe hawajui nani alibeba."

"Wafundishe!"

Watu wakacheka. Pancras, mwenyekiti wa josho, akaamua: asiyechota maji haogeshi. Nyirabahizi akawageuza ng'ombe wake.

Basi ndivyo walivyofanya wenye akili wa Mbuba. Asubuhi wanaogesha ng'ombe wao mpaka wanang'aa. Mchana wanawashusha bondeni, kwenye majani yale yale wanayolalia ng'ombe wa wakimbizi, na kupe wao.

Zita alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja, Bihogo. Samadi ya Bihogo ililisha migomba, na migomba ikamlisha Zita. Bihogo alikuwa amezaa juzijuzi tu tezi za chini ya masikio zilipovimba, pumzi ikawa ya kukoroma. Ndigana, homa ya kupe. Bwana mifugo alifika povu limeshatoka puani.

Akabaki ndama jike, miguu bado inatetemeka. Uji akautema. Zita alimbembeleza, akamtukana, akambembeleza tena. Huyu akifa, zizi limefungwa, na migomba nayo ihesabu siku zake.

Nyirabahizi akatokea na kibuyu. "Nimemsikia analia toka bondeni. Ng'ombe wangu mmoja anakamuliwa."

"Umekuja kunicheka."

"Nikicheka maziwa yatamwagika. Shika kichwa."

Akachovya vidole kwenye maziwa, ndama akavinyonya, naye akavishusha polepole mpaka ndani ya bakuli. Ndama akanywa, akapiga chafya, akanywa tena. Zita aligeuka kando, akajifanya anatafuta ufagio.

Mama yule alikuja kila asubuhi mpaka ndama akajua majani. Siku ya kuogesha, Zita akamfuata Pancras.

"Zamu yangu ipo. Ingiza ng'ombe wa Nyirabahizi."

"Zita, ng'ombe wako si amekufa?"

"Ng'ombe amekufa, maji niliyobeba hayajafa."

"Wanne kwa zamu ya mmoja?"

"Nitabeba ndoo za hao watatu. Kwani kichwa ni chako?"

Pancras akafungua mlango. Wiki ile Zita na Nyirabahizi walichota pamoja, wakitetana njia nzima kuhusu nani anamwaga.

Lakini maziwa yalikuwa bado yanamkaa Zita kooni. Akajaza kikapu maharage, akaenda hadi kwenye kibanda cha turubai. "Haya, maziwa yako. Sipendi kudaiwa."

Nyirabahizi akakisukuma kikapu. "Kwetu maziwa ya ndama aliyefiwa hayalipwi. Nikipokea, nitakuwa nimekuuzia."

"Nirudi nayo, basi?"

"Urudi nayo wapi? Chungu kiko motoni. Chambua, tule wote."

Zita akaguna, akavuta kigoda, akaanza kutoa mawe.