Mama Mistari na Ubao wa Rangi

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, ofisi bado inanukia sakafu iliyotoka kupigwa deki. Mwanamke wa miaka thelathini na minne anaegemeza fimbo yake nyeupe ukutani, anavaa spika ya sikio moja, kisha anaandika maneno mawili: *kazi zangu*.

Kompyuta inamjibu kwa sauti ya kasi. Mgeni husikia mvumo tu, kama wa nyuki.

“Tano,” anasema. “Moja imechelewa, na aliyeichelewesha anajijua.”

Meza ya pili mtu anaguna, wengine wanacheka.

Wenzake sita wanamwita Mama Mistari. Ni mwandishi wa programu za kompyuta, na timu yao hutengeneza programu inayowakumbusha wauguzi saa na vipimo vya dawa wodini. Macho yake yalizima kabisa akiwa na miaka ishirini na saba, baada ya ugonjwa wa miezi minane.

“Watu walikuja kunipa pole kama wamekuja msibani,” anakumbuka. “Nikawaambia, jamani, marehemu mwenyewe ndiye anayewakaribisha viti!”

Alijifunza kazi yake upya kwa kusikiliza. Kilichokaribia kumshinda ni ubao.

Timu iligawana kazi kwenye ubao wa mtandaoni wenye kadi za rangi, zinazovutwa kwa kipanya kutoka safu moja hadi nyingine. Wenzake waliona nyekundu na kijani. Yeye kompyuta ilimsomea, “Picha. Picha. Picha.” Kila asubuhi ilibidi kiongozi wa timu amnong’oneze kazi zake.

Siku moja kiongozi alisahau. Kadi ya kurekebisha kipimo cha dawa za watoto ilikaa siku kumi na moja chini ya jina lake, naye hana habari. Kosa lilinaswa siku mbili kabla programu haijapelekwa wodini.

“Hakuna mtoto aliyedhurika,” anasema, “lakini nilijua lingeweza kutokea.”

Mkurugenzi alipendekeza ahamishiwe kupokea simu za wateja. Hata dada yake mkubwa, anayeishi naye, aliona si vibaya.

“Mdogo wangu, kwani simu si kazi?”

“Ni kazi, dada. Ila si yangu.”

Akamwomba mkurugenzi wiki mbili za kutafuta mbadala wa ubao. Akakubaliwa, shingo upande.

Alichotengeneza hakikuwa na rangi wala picha. Ni programu ndogo ya mistari mia tatu na kumi na miwili, inayotumika kwa kuandika amri: *kazi ongeza*, *kazi mpe*, *kazi maliza*. Orodha nzima hukaa katika faili moja la maandishi matupu, na kila mmoja ana nakala yake, hivyo hata mtandao ukikatika kazi zinasomeka.

Siku ya tatu ya majaribio mambo yaliharibika. Aliandika *kazi maliza* bila kutaja namba, na programu ikazifunga kazi zote arobaini na moja za timu.

“Nikasimama, nikasema, ‘Jamani, nimewamalizia kazi zote, nendeni nyumbani!’” anasimulia. “Wakacheka, nami nikacheka nao.”

Mchora sura za programu, kijana mpenda rangi, hakucheka. “Si nilisema? Ubao haujawahi kutufanyia hivi.”

“Kweli,” alimjibu. “Nipe nakala yako ya jana.”

Kabla ya chakula cha mchana kazi zote zilikuwa zimerudi, na tangu siku hiyo programu haifungi chochote bila namba.

Wiki mbili zilipokwisha, kiongozi wa timu aliwauliza wanataka ubao au mistari ya amri. Wanne walichagua mistari palepale. Ubao ulikuwa ukichukua karibu dakika moja kufunguka. Amri hujibiwa kabla hujapepesa jicho. Wa tano alifuata baadaye. Mchoraji bado analalamika, ingawa hufungua orodha kila asubuhi kama wengine.

“Ananuna, lakini anafunga kazi zake kwa wakati,” anasema Mama Mistari. “Mimi kununa kwake hakunisumbui, sikuoni.”

Dada yake, aliyekuja kumletea chaja aliyoisahau, anasikiliza mlangoni. “Nilitaka apumzike,” anasema taratibu. “Sikujua nilikuwa namzika.”

Mwisho wa mwezi huu kiongozi wa timu anahamia kazi nyingine. Nafasi yake imetangazwa, na Mama Mistari ametuma maombi. Usaili ni Jumatatu, na mkurugenzi yuleyule ndiye mwenyekiti.

Amejiandaa vipi?

“Nitamweleza jinsi nitakavyoigawa kazi ya miezi sita, kipande kwa kipande, na nani atafanya nini,” anasema, vidole vikirudi kwenye kibodi. “Wakininyima, waniambie sababu. Ikiwa ni uzoefu, nitautafuta. Ikiwa ni macho, nitaomba tena.”